Naomba ushauri: usiku wa kusikiliza "Mr. Bad Guy" ya Freddie Mercury, nipige toleo lipi?

SanturiMalindi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kuna mkahawa Mji Mkongwe umenipa chumba cha juu kwa jioni moja. Nataka tusikilize Mr. Bad Guy, albamu ya peke yake ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mwanzo hadi mwisho, kisha tujadili. Watu 25 hadi 30. Chumba kina kuta za mawe, sakafu ya vigae na dari liko juu sana. Nina amplifaya, spika mbili za kusimama chini, pleya ya santuri na laptop.

Kinachonisumbua ni kwamba waalikwa wameshagawanyika kabla ya kusikia hata wimbo mmoja. Nusu wanasema hii ndiyo kazi iliyomwonyesha Freddie bila kubanwa na mtu. Nusu wanasema ni vinanda vitupu, Queen iliyotolewa mifupa. Santuri ya 1985 ninayo, na mtandaoni nimeona toleo lililoandikwa Special Edition. Nipige ipi? Nifuate mpangilio wa nyimbo ulivyo au nichanganye? Na mjadala niuongozeje usiishie kwenye kushindanisha Freddie na Queen? Nawasilisha.

BibiKaseti

Ndugu yangu, kwanza elewa una kazi mbili mkononi, si moja. Ile ya 1985 ilirekodiwa Musicland Studios, Munich, watayarishaji wakiwa Freddie mwenyewe na Reinhold Mack, yule yule aliyekuwa akifanya kazi na Queen. Hiyo Special Edition ni ya 2019. Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson walirudi kwenye tepu za awali na kuimiksi albamu upya. Hiyo si sawa na kusafisha sauti tu. Miksi ndiyo inayoamua nani akae mbele, nani arudi nyuma, mwangwi uwe kiasi gani. Ukimpigia mtu ya 2019 ukamwambia hivi ndivyo ilivyotoka 1985, sifa na lawama zake zote zitawaangukia wasiohusika.

Kwa sikio langu ya 2019 imemsogeza mwimbaji mbele na ngoma zimepata kifua. Ya 1985 ni nyembamba, inang'aa juu, mwangwi umejaa. Lakini hiyo ndiyo iliyowagawa watu, kwa hiyo hiyo ndiyo uipige. Santuri nzima kwanza. Ya 2019 itoe mwishoni kwa nyimbo mbili tu, "Made in Heaven" na "Man Made Paradise". Ukizidisha hapo masikio yanachoka na watu wanaanza kuchagua yenye kelele zaidi.

Mpangilio usiuguse. Upande wa kwanza nyimbo tano, wa pili sita, jumla kama dakika 41. Wakati wa kugeuza wape chai, ila mjadala bado ufungwe.

FundiMizani

Kabla hamjafika kwenye Freddie, hicho chumba kitawaangusha. Kuta za mawe, vigae na dari la juu maana yake sauti inagonga na kurudi. Albamu yenyewe tayari ina mwangwi wa miaka ya themanini, hasa kwenye ngoma. Ukiongeza wa chumba, maneno yatapotea, halafu watu watasema albamu ni mbovu kumbe ni ukuta.

Tandika mazulia au mikeka minene katikati ya spika na viti, na tundika mapazia mazito au mablanketi kwenye ukuta ulio nyuma ya wasikilizaji. Watu 30 wenyewe watameza sauti kiasi, kwa hiyo ukijaribu mchana chumba kikiwa kitupu usishtuke. Spika zikae mbali na ukuta sentimita 60 hadi mita moja, na kamwe zisiingie pembeni mwa chumba, kwa sababu kona inavimbisha besi. Kati ya spika na spika mita mbili na nusu hivi, zikiinamia kidogo katikati. Spika ndogo ya sauti za juu iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa.

Pleya ya santuri usiiweke kwenye meza moja na spika, wala kwenye ubao unaotikisika watu wakipita. Mtikisiko unarudi kwenye sindano, unapata ngurumo ya chini inayokua yenyewe. Uzito wa sindano ufuate karatasi ya maelezo ya kichwa chake (kile kipande kinachobeba sindano). Vichwa vingi vya kawaida vinataka gramu 1.5 hadi 2. Watu hupunguza uzito wakidhani wanailinda santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na ndiyo inayokwangua. Waya mwembamba wa ethi uufunge kwenye amplifaya, usipoufunga utasikia mvumo usioisha. Na kama amplifaya haina tundu la phono (la pleya ya santuri), lazima uwe na kikuza sauti kidogo katikati, la sivyo sauti itatoka hafifu na bila besi.

Sasa hilo la kulinganisha 1985 na 2019. Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu, iweke kiti cha katikati, lenga desibeli 80 kwa wimbo wenye nguvu. Kisha piga toleo la pili, rekebisha hadi lisome vilevile. Tofauti ya desibeli moja au mbili tu mtu haitambui kama kelele, anaitambua kama "ubora". Hapo ndipo ligi nyingi za matoleo zinapoharibikia.

MkaidiWaQueen

Fundi kasema kweli, lakini hata ukiipiga kwenye chumba cha dhahabu, albamu itabaki ilivyo. Mimi niko na nusu ya pili na sibanduki.

Someni shukrani za kwenye jalada. Anawashukuru Brian, Roger na John, wenzake wa Queen, kwa kutoingilia. Ni utani, ila ndani ya utani mna jibu. Queen ilikuwa watu wanne, wote watunzi, na wimbo ulikuwa haupiti bila kupondwa na wengine watatu. Hapa hakuna wa kusema hapana. "Let's Turn It On" ni ufunguzi wenye nguvu nyingi na maneno machache mno, na "Foolin' Around" ingebaki kwenye droo.

Na msije na hoja ya mauzo. Uingereza albamu ilifika namba 6, sawa, lakini Marekani iliishia 159. "I Was Born to Love You" ilifika 11 Uingereza. Baada yake "Made in Heaven" 57, "Living on My Own" 50, "Love Me Like There's No Tomorrow" 76. Msikilizaji alinunua jina, akasikiliza, akaondoka.

Kingine: wimbo mzuri kuliko yote wa kipindi hicho, "Love Kills" aliofanya na Giorgio Moroder mwaka 1984, haumo humu. Ule ulifika namba 10.

KinandaKisogoni

Mkaidi, namba zako ni sahihi, ila "Living on My Own" tutairudia, usiikimbie.

Kosa la nusu ya pili ni kuisikiliza wakisubiri gitaa liongoze. Humu gitaa ni mgeni. Mwenye nyumba ni kinanda: cha Freddie mwenyewe na cha Fred Mandel, ambaye alishazunguka na Queen kwenye maonyesho ya 1982 na akapiga kwenye albamu yao The Works. Sikiliza "Your Kind of Lover", hasa mkono wa kushoto wa piano. Hapo ndipo wimbo unapoendeshwa, ngoma zinafuata. Wimbo uliobeba jina la albamu umekabidhiwa okestra nzima mahali ambapo Queen wangeweka ukuta wa magitaa ya Brian May. Mtu anaweza kuuchukia, lakini asiseme hauna uzito. "My Love Is Dangerous" unaanza na mapigo ya rege kisha unageuka roki katikati. Na anayelilia gitaa, lipo: Paul Vincent kwenye "Man Made Paradise".

Kwa mjadala, ushauri wangu ni huu. Gawa karatasi kabla ya wimbo wa kwanza, na kila mtu aandike kimya kimya santuri ikiendelea. Ukiruhusu waseme kwanza, wawili wenye sauti kubwa watawaamulia wengine 28. Swali liwe moja la msingi: wimbo upi ungewapa Queen, na upi ungewanyima? Swali hilo linamlazimisha hata Mkaidi kusikiliza wimbo mmoja mmoja badala ya kuhukumu fungu zima.

Karatasi zikishakusanywa, piga "Made in Heaven" ya 1985, halafu ile ya Queen ya 1995. Sauti ya Freddie ni ile ile ya Munich. Brian, Roger na John wameondoa vyombo vya awali na kupiga vyao. Walifanya hivyo hivyo na "I Was Born to Love You". Zote mbili zimerefuka kwa zaidi ya dakika moja. Kama wimbo umebeba vyombo vya pili bila kuvunjika, basi utunzi haukuwa mbovu, na ubishi unahamia kwenye utayarishaji. Huo angalau ni ubishi wenye maana.

MkaidiWaQueen

Umenithibitishia mwenyewe. Nyimbo zilihitaji wale watatu ili zisimame.

KinandaKisogoni

Au zilisimama peke yake miaka kumi kabla hawajaziokota. Andika kwenye karatasi yako.

SanturiMalindi

Asanteni sana wakuu, nanukuu kila kitu. Mawili zaidi. Kuna waliosema watakuja kwa ajili ya "Living on My Own", na nina hofu wanaijua ile ya disko. Pia kuna mgeni anasisitiza kwamba humu mna harufu ya taarabu kwa kuwa Freddie ni mtoto wa Unguja. Nimjibu nini?

NairobiVinyl

Hofu yako iko sawa kabisa. Wengi wanaijua remiksi ya No More Brothers, iliyoshika namba moja Uingereza mwaka 1993, karibu miaka miwili baada ya Freddie kufariki. Ile ya albamu ina piano, na humo Freddie ana ile michezo ya kutamka silabi zisizo na maana kama waimbaji wa jazi. Usipowaambia mapema watadhani umeweka santuri isiyo yenyewe. Sema mwanzoni: ya 1993 itapigwa mwisho kabisa, baada ya mjadala. Ukiipiga kabla, nusu ya chumba itasimama kucheza na hutawarudisha vitini.

Lingine ambalo hakuna aliyeligusa: ruhusa. Akaunti ya kusikilizia muziki mtandaoni ni ya matumizi binafsi, masharti yake hayaruhusu kuipigia hadhara mkahawani. Hata santuri uliyoinunua haikupi haki hiyo. Kwenu nenda COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Uliza kwanza kama mkahawa tayari una leseni ya kupiga muziki na kama inagusa tukio la kiingilio. Na kwa zile nyimbo mbili za 2019, nunua CD kuliko kutegemea mtandao. Ipo pia ndani ya boksi la mkusanyiko wa kazi zake, Never Boring, ila boksi zima kwa nyimbo mbili ni kutupa pesa.

BibiKaseti

Hilo la taarabu mjibu kwa upole, ni mgeni wako. Freddie, yaani Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi. Utoto mwingi wa shule aliumalizia Panchgani, India, na piano alijifunza huko. Familia iliondoka kwenda Uingereza 1964. Kwenye Mr. Bad Guy hakuna ala kama kanuni na udi, hakuna mpangilio wa okestra ya taarabu. Vyombo vya okestra vilivyomo ni vya Kizungu kabisa. Anayetaka kumsikia Freddie akitoka nje ya roki kwa kishindo ampelekee Barcelona ya 1988, na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Hiyo nayo ina uzi wake wa ugomvi.

Kitu cha kuwasomea wageni kutoka kwenye jalada ni wakfu: albamu imetolewa kwa paka wake Jerry, kisha Tom, Oscar na Tiffany na wapenda paka wote. Kwa Mji Mkongwe hapo utapigiwa makofi kabla hata sindano haijashuka.

SanturiMalindi

Hahaha, bibi, paka watatu wako ngazini sasa hivi. Jambo la mwisho kwa Fundi: nimejaribu upande wa pili usiku huu. "Love Me Like There's No Tomorrow" sauti inakwaruza kwenye "s" na "t", lakini mwanzo wa upande uko safi. Santuri imeharibika?

FundiMizani

Pengine hapana. Wimbo wa mwisho wa kila upande uko karibu na lebo, ambako mzunguko ni mfupi. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika pale pale, lakini sindano inapita urefu mdogo wa mfereji kwa kila sekunde, kwa hiyo herufi kali zinabanana. Bahati mbaya upande wa kwanza nao unaishia na "Your Kind of Lover", piano na sauti ya juu, yote magumu kusomwa na sindano.

Fanya hivi. Osha kwanza: maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kwa kufuata mduara, suuza, iache ikauke imesimama. Lebo isilowe. Kisha safisha sindano kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele tu, kamwe si upande kwa upande. Kisha kagua kichwa kama kimekaa sawa kwa karatasi ya kupimia, vipimo viwili, cha nje na cha ndani. Kikiwa kimepinda kidogo, mwanzo wa upande utakuvumilia ila mwisho hautakuvumilia. Ikikwaruza bado, ongeza uzito robo gramu bila kuvuka kiwango cha juu cha karatasi ya kichwa. Na kama sindano hujui imetumika saa ngapi, badilisha sindano kabla ya kubadilisha santuri.