Audacity, nerve, gall, effrontery: lipi ndo la mtu mwenye macho makavu? Naombeni msaada

KatibuWaParachichi (Rungwe)
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa Kiingereza, ni jambo la kazi na linaniuma kwa kweli. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku kwetu Rungwe, barua zote za Kiingereza naandika mimi. Kuna mnunuzi wa nje, simtaji, msimu uliopita alichukua mzigo wetu akalipa nusu, nusu nyingine mpaka leo ni kesho kesho. Juzi katuma imeili anataka mzigo mwingine tena kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza, tulipomwambia atangulize advansi akajibu eti tumekuwa na "temerity" ya kudai advansi. Nikafungua kamusi, temerity: ujasiri, ufidhuli. Nikatafuta la kumrudishia nikakuta audacity: ujasiri, ufidhuli. Effrontery: ufidhuli. Impudence: ufidhuli, ujuvi. Sasa kama yote ni ufidhuli nachaguaje? Nataka neno la kumwambia mtu kwamba hana haya ila barua ibaki na heshima maana hela yetu bado iko kwake. Na hilo temerity lake, katusifia au katutukana?

Mwalimu_Uyole
Pole sana ndugu katibu. Hajawasifia. Temerity asili yake Kilatini, ni kujirusha kwenye jambo bila kupima, kama mtu anayevuka mto uliofurika usiku bila kujua kina. Ila sikuhizi utalikuta zaidi pale mdogo anapothubutu kumhoji mkubwa, askari kwa jenerali, karani kwa mkurugenzi. Kwa hiyo huyo bwana kwa neno moja tu kajikalisha juu na nyie kawaweka chini, wakati mwenye deni ni yeye, na mimi hapo ndo pameniudhi kuliko hata hiyo bei. Usimrudishie neno hilo hilo. Ukisema yeye ndo ana temerity utakuwa unamlaumu kwa kuthubutu, na kosa lake sio kuthubutu, kosa lake ni kukosa haya.

Audacity nalo lina sura mbili. Shina lake ni kuthubutu basi, halijasema kuthubutu nini. Danton, yule mwanamapinduzi wa Ufaransa, mwaka 1792, maadui wako njiani kuja Paris, alisimama bungeni akataka audace, tena audace, daima audace, na hapo hakuwa anamtukana mtu, alikuwa anawatia watu moyo. Linakuwa lawama pale unapolifuatisha na kitendo chenyewe, yaani alikuwa na audacity ya kufanya hivi na hivi.

Unalotafuta wewe naona ni effrontery. Ndani yake kuna neno la Kilatini la paji la uso, na maana ya mwanzo ni mtu asiye na paji, yaani hana pale ambapo aibu ingeonekana. Sisi tunasema uso mkavu, wao wanasema uso hauna paji, ni kitu kile kile. Impudence na insolence weka kando, hayo ni ya mtoto kwa mzazi au kijana wa kazi kwa bosi wake, ukimwandikia mshirika wa biashara itaonekana na wewe unajikweza kama yeye.

DadaWaMapokezi (Iringa mjini)
Shikamoo mwalimu. Mimi niko mapokezi kwenye loji, wageni wa Ruaha wanapita sana hapa, naongezea la cheek. Waingereza wanalipenda ila ni dogo, mtoto akidokoa andazi akakutazama huku anacheka wanasema ni "cheeky" na wanasema kwa upendo kabisa. Kaka katibu usiliweke kwenye barua ya deni, deni lenyewe litaonekana utani.

Halafu kuna nerve, yaani mshipa wa fahamu, hili nililielewa vizuri siku mgeni mmoja aliponiambia nina nerve nzuri kwa kuendesha gari kwenye kona za Kitonga, nikafurahi, kumbe mgeni mwingine alimwambia mwenzake aliyemrukia foleni "you've got a nerve" na ikawa ugomvi. Neno ni lile lile, ila moja ni kutotetemeka na lingine ni kukosa aibu, mpaka usikilize sentensi nzima. Na kitu kimoja nimekiwaza sana, sisi tunasema fulani mshipa wa aibu umekatika, yeye Mwingereza anasema fulani mshipa ANAO. Kwetu asiye na haya kapungukiwa na kitu, kwao kazidisha. Ndo maana kutafsiri neno kwa neno kunatupoteza.

Fundi_Mafinga
Mwalimu kwa heshima zote hapo kwenye effrontery sikubaliani, ni neno la suti na tai, huyo mtu kawadhulumu wakulima jamani. Andika gall. Gall ni nyongo, ukilisoma unausikia uchungu wenyewe. Au lile la Wayahudi, chutzpah, lina kisa chake cha zamani cha kijana aliyeua baba yake na mama yake halafu akasimama mahakamani kuomba ahurumiwe kwa sababu ni yatima. Si ndo huyo huyo? Kala hela yenu halafu anawauliza kwanini hamumwamini.

Mwalimu_Uyole
@Fundi kisa hicho kinamfaa kabisa, sibishi. Shida ni kwamba chutzpah kwa Wamarekani wengi limepoa, wanaweza kumsifia nalo mtu mjanja wa biashara, na huyu asije akajiona kasifiwa. Gall ni zuri la kutamka mdomoni ukiwa umekasirika. Kwenye karatasi linaonyesha hasira ya mwandishi, effrontery linaonyesha uso wa aliyetenda. Katibu anataka hela, hasira zetu tubaki nazo huku.

KatibuWaParachichi (Rungwe)
Nimesoma yote usiku, asanteni sana. Dada wa mapokezi hilo la mshipa nimekaa nalo mpaka nikachelewa kulala. Nimeandika tarehe ya mzigo wa kwanza, kilo, alicholipa na anachodaiwa, kisha sentensi moja tu kwamba tumeshangaa awe na effrontery ya kuomba mzigo wa pili kabla hajaumaliza wa kwanza. Audacity nimeiacha, nimeona kweli angeweza kuitabasamia.

Leo asubuhi nikampelekea mwenyekiti wetu, ni mama mtu mzima, Kiingereza hajui, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Alipofika hapo akanisimamisha, akauliza hilo neno maana yake hasa nini. Nikamwambia ni mtu asiye na paji la uso. Akanyamaza kidogo, akasema liache hivyo hivyo, tuma.

Nimetuma saa nne. Mwalimu, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa chetu.