Mnaotoa DVD na Blu-ray za filamu za zamani, nani kawatuma mkate picha?

Wakuu, niende moja kwa moja. Huu uhuni wa kukata filamu za zamani ili "zijae kwenye skrini" umezidi. Enzi za TV za chogo walikata pembeni. Leo watu wana flati, wamegeuza kisu, wanakata juu na chini. Na kava haisemi kitu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Filamu nyingi za Hollywood tangu 1932 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zina uwiano wa 1.37:1, yaani upana ni mara 1.37 ya kimo. Mwaka 1953 ikaingia CinemaScope, mfumo wa picha pana, kwanza 2.55:1, baadaye 2.35:1. Ben-Hur ya 1959 imepigwa kwa 2.76:1. TV ya chogo ni 1.33:1, flati ni 1.78:1.

Sasa gawanya 1.33 kwa 2.35: unabaki na asilimia 57 ya picha. Hiyo nyingine 43 imetupwa. Kwa Ben-Hur inabaki 48, hata nusu haifiki! Magari mawili ya farasi yakikimbia sambamba kwenye upana wote, moja linabaki nje ya TV yako.

Tena kukata ni mwanzo tu wa uharibifu. Mtu yuko mwisho wa kushoto anaongea na mwenzake aliye mwisho wa kulia, na wote hawaenei. Fundi ana njia mbili: asogeze fremu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, uone kamera "inatembea" wakati mpiga picha hakuigusa, au arukeruke kati yao, ile shoti moja iliyotulia igeuke vipande sita. Ushahidi uko kwenye majina ya mwanzo. Majina hayakatiki, kwa hiyo wanaminya picha nzima. Watu na farasi wanakuwa warefu wembamba kama milingoti. Jina la mwisho likipita tu, picha inaruka, watu wananenepa ghafla, pembeni pameshaliwa. Ukiona mruko huo, ujue umeuziwa nusu filamu.

Upande wa pili ni huu wa sasa: filamu ya 1.37:1 inachunwa juu na chini hadi 1.78:1, asilimia 23 imekwenda. Waigizaji wanabaki bila nywele, na wanaocheza dansi wanabaki bila miguu. Uhuni wenyewe si mgeni, Gone with the Wind ya 1939 ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1967 ikiwa imekatwa hivyohivyo ili ipanuliwe kwa utepe mpana wa milimita 70. Ila wakati huo hapakuwa na njia ya kuiona nyumbani. Blu-ray ina pikseli 1920 kwa 1080, picha ya 1.37 inakaa humo kwa takriban 1480 kwa 1080 bila kupoteza hata nywele. Kisingizio kiko wapi?

Ila tusiwe wajinga pia, si kila diski iliyoandikwa "Full Screen" imekatwa pembeni. Filamu nyingi za 1.85:1 zilipigwa kwa fremu nzima ya milimita 35, kazi ya kuziba juu na chini ikaachiwa projekta. Toleo lililojaa linafungua ile sehemu iliyozibwa, ndiyo maana unaona kipaza sauti kinaning'inia. Wapenzi wa filamu za Kihindi mnayo Sholay ya 1975: imepigwa kwa milimita 35 karibu na mraba, kisha ikakuzwa hadi milimita 70 kwa 2.20:1, juu na chini pakakatwa. Matoleo yote mawili yana hoja. Andikeni tu kwenye kava ni lipi, basi.

Kuna na DVD za mwanzo zilizoandikwa "Widescreen" lakini si anamofiki, yaani picha haikubanwa kwa upana ili itumie fremu nzima kisha ipanuliwe wakati wa kuonyeshwa. Mistari myeusi imechomwa ndani ya fremu ya 4:3 (ndiyo ile 1.33:1), kwa hiyo filamu ya 2.35 inapata mistari ya picha 272 kati ya 480 ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani. Ikiwa anamofiki inapata 363. Kwenye flati utaijua haraka: picha ndogo katikati, weusi pande zote nne, na ukivuta inakuwa ukungu.

Kabla hujalaumu diski, safisha kwako kwanza. Kwenye deki, aina ya TV iwe 16:9 (ndiyo 1.78:1 ya flati). Ikibaki 4:3 Letterbox, hata diski nzuri itaonekana kama hiyo mbovu. Kwenye TV, ukubwa wa picha uwe "Just Scan" au "Screen Fit", si Zoom wala Wide, la sivyo TV yenyewe inakula kingo. Kisha simamisha picha, chukua futi ya fundi cherehani. Flati ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95.2 na kimo cha 53.5. Filamu ya 2.35 iwe na kimo cha sentimita 40.5, ya 2.76 iwe 34.5, ya 1.37 ijae kimo chote na iwe na upana wa 73 hivi. Vipimo vikikataa, picha imekatwa au imevutwa. Uso wa duara ulionenepa maana yake imevutwa.

Na atakayekuja kusema "mimi nimelipia inchi zote": nyuma ya ile mistari myeusi hakuna kitu kilichofichwa. Ukitaka ijae, kitufe cha Zoom kiko kwenye rimoti yako. Mimi sina kitufe cha kurudisha kilichokatwa kiwandani.

Wenye diski zilizokatwa, wekeni hapa jina la filamu, mwaka wa toleo, namba iliyo ubavuni mwa kava na vipimo mlivyopata. Mods, msiunganishe uzi huu na ule wa TV mpya.