Uliyepandikizwa: ulimshukuru vipi aliyekuchangia? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mimi. Nilikuwa na saratani ya damu, dawa zikagoma, daktari akasema kilichobaki ni kupandikizwa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu). Ndugu zangu watatu wakapimwa, hakuna aliyelingana nami kwa aina ya tishu (kwa ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kila mmoja ni 1 kati ya 4 tu). Akapatikana mtu baki kwenye sajili ya wachangiaji. Nikaambiwa ni mwanamume, miaka 27. Basi.

Barua ziliruhusiwa, ila zinapitia kwa mratibu na kila cha kumtambulisha mtu kinafutwa. Yake ya kwanza ilifika na mistari miwili imepakwa wino mweusi. Niliiweka mbele ya taa nijaribu kuisoma, mtu mzima na akili zangu! Yangu ilinichukua miezi minne. Unaandika "asante", unaitazama, unaona ni ile ile unayompa aliyekupisha mlangoni.

Miaka miwili ilipotimia, sote tukasaini, tukakutana. Hotuba niliyoiandaa ikayeyuka. Akanikagua juu hadi chini, akauliza, "Lakini unakula?" Nikamwambia damu yangu ilikuwa kundi O, sasa ni A kama yake. Alicheka mpaka akatafuta leso. Nyie je?

#2
Hongera mkuu. Figo yangu ni ya dada yangu, na msidhani kumjua mtu kunarahisisha. Mwaka mzima sikuthubutu kumbishia chochote. Saa ya vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo ikipita, naogopa macho yake kuliko ya daktari. Siku moja tukagombana kwa sababu ya sufuria iliyoungua, nikamjibu hovyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Afadhali umerudi."

#3
Mimi niko upande wa pili, nilitoa seli shina, zile zinazozalisha damu. Sindano siku kadhaa, mifupa ikauma kama nina homa, kisha muda wa saa nne hivi kwenye mashine: damu inatoka mkono huu, inarudi kwa ule. Nikiitwa shujaa naona aibu, nililala tu pale. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja ninaoukumbuka kwa moyo: "Leo nimepanda ngazi mpaka juu bila kupumzika." Nilitoka nikapanda za kwetu, nikizihesabu.

#4
Moyo wangu ni wa marehemu. Niliiandikia familia yake mara mbili, haikujibu, na siilaumu. Mratibu alinishauri nipunguze "Mungu aliniokoa", kwani siku hiyo hiyo wao walikuwa wanazika. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Barua ya tatu ninayo kwenye droo, nimeifupisha mpaka imebaki nusu ukurasa. Aliyewahi kufika hapa aniambie: niitume, au niwaache?