Gumzo la kikundi: Nyumba ya Bibi, Kisauni

Mama Tumaini 20:14
Shikamoo Mama. Habari za usiku wote. Nimetoka wodini sasa hivi. Nina jambo nataka tuliongee hapa pamoja, lisije likawafikia kwa watu.

Bibi 20:15
Marahaba mwanangu. Umekula?

Mama Tumaini 20:15
Bado Mama, uji wa mawele uko jikoni.

Bibi 20:16
Kula kwanza. Jambo halikimbii.

Mama Mdogo Likoni 20:17
Dada sema tu, roho zimeshatupaa.

Mama Tumaini 20:21
Ni Tumaini. Mwakani anaingia sekondari. Nimemsomesha hapa mezani miaka sita, lakini fizikia na kemia sasa zimenishinda, na shule zilizo karibu zinasomesha kwa Kifaransa. Sisi bado tumeahidi miaka miwili hapa Niger. Tunaomba aje akae na Mama, asome huko Mombasa.

Mjomba Rabai 20:24
Kwa Tumaini sina neno, aje. Lakini dada, mimi ningesema mrudi nyote. Tangu 2023 moyo wangu haujatulia. Jeshi limechukua serikali tarehe 26 Julai, mipaka ikafungwa, na Mama hapa siku tatu anatazama tiki moja kwenye simu. Hakulala. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia chai saa nane za usiku.

Mama Mdogo Likoni 20:26
Na Babu je? Tumemzika, na dada yangu akitazama kwa simu tu, na intaneti ikakatika kabla mchanga haujaingia. Lile bado linaniuma, siwezi kudanganya.

Mama Tumaini 20:27
Linaniuma mimi pia. Kila siku.

Baba Tumaini 20:35
Shikamoo Mama. Shemeji, hofu yako ni ya haki. Mwaka ule umeme wa kutoka Nigeria ulikatwa, tukabaki na jenereta na dizeli ya kupima kwa lita. Tuliiweka kwa ajili ya chumba cha upasuaji na mashine za oksijeni, nyumbani tukala gizani. Kila usiku nilijiuliza kama nina haki ya kuwaweka wanangu pale.

Lakini sasa ni Agosti. Kuanzia Julai mpaka Oktoba mvua hunyesha na malaria hupanda, na wakati huohuo mawele ya mwaka jana yamekwisha ghalani na ya mwaka huu hayajakomaa. Mtoto anafika na njaa na malaria pamoja. Kitanda kimoja tunalaza wawili.

Jana usiku ameletwa mmoja wa miaka miwili, mgongoni kwa bibi yake, wametoka mbali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikamfungua kiganja: rangi ya unga wa muhogo. Anahema mbio, mbavu zinaingia ndani. Frijini hakuna damu ya kumfaa. Yangu ni O, ikapimwa, ikapatana, nikalala kitanda cha pembeni ikatolewa. Tumaini alikuja na chai ya rangi yenye sukari nyingi, akakaa chini karibu na yule bibi mpaka chupa ikaisha. Leo asubuhi mtoto ameomba maji.

Mama Salma Jirani 20:38
Alhamdulillahi. Mungu amkuze.

Mama Mdogo Likoni 20:39
Na hakuna dawa ya kinga? Si nilisikia wanapewa watoto huko?

Mama Tumaini 20:42
Ipo mdogo wangu, na inasaidia sana. Walio chini ya miaka mitano wanapewa siku tatu kila mwezi, miezi minne ya mvua, watu wakipita nyumba kwa nyumba. Tabu ni wale waliokosa mzunguko mmoja, au mama alikuwa shambani walipopita. Hao ndio tunaowaona.

Bibi 20:55
Naandika polepole, mnivumilie.

Nikienda Nyali nakumbuka lile kaburi la Rosina, mkewe Krapf yule mmisionari. Alifika Mombasa na mumewe 1844 akiwa na mimba, akafa Julai mwaka uo huo, na kitoto chake kikamfuata baada ya siku chache. Sisi shuleni Rabai tulisomeshwa habari za Krapf, kanisa lake na kamusi yake. Hakuna aliyetusomesha habari za watu wa Rosina waliobaki kwao wakingoja barua. Mimi sasa nawafikiria hao.

Kazi yenu siikatazi. Watu walikuja kwetu, leo wanangu wamekwenda kwa wengine, nashukuru. Lakini nimesoma kote hapo juu, na hakuna aliyemuuliza mtoto. Naye yumo humu kikundini.

Tumaini, mjukuu wangu, unataka nini?

Tumaini 21:03
Shikamoo Bibi. Nataka kuja. Pia sitaki.

Hapa naitwa Mkenya, na huko najua nitaitwa mtu wa Niger. Nikiota naota kwa Kihausa. Mwanzoni nilikuwa naogopa lugha, halafu nikaona maneno mengi ni ndugu: duniya ni dunia, labari ni habari, Alhamis ni Alhamisi. Naogopa nikija huko nianze tena kujifunza kuwa mtu wa pale.

Na mdogo wangu Imani atabaki peke yake. Ana miaka saba, mimi ndiye namsindikiza chooni usiku.

Lakini nataka kuwa daktari, na bila kemia siwezi. Kwa hiyo nitakuja. Ombi langu ni nisiondoke kabla ya mvua kuisha, wodini nawasaidia kuchota maji.

Baba Tumaini 21:05
Mwanangu, hilo la Imani hukuwahi kuniambia.

Tumaini 21:05
Hukuwahi kuuliza Baba.

Baba Tumaini 21:11
Ni kweli. Nisamehe. Kuanzia leo usiku nitamsindikiza mimi.

Mama Salma Jirani 21:13
Tumaini, Salma wangu yuko kidato cha tatu na kemia anaipenda kama mahamri. Mtasoma pamoja hapa kibarazani. Na ukiulizwa wewe wa wapi, sema wa nyumba ya pili kutoka msikitini. Mtaa wote wanamjua bibi yako.

Mjomba Rabai 21:15
Nauli ya treni kutoka Nairobi ni juu yangu. Nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege.

Mama Mdogo Likoni 21:16
Nami nakusanya ya sare. Tumeni kwa M-Pesa kama kawaida, nitaandika majina hapa. Dada, kuna muuguzi anayekuja huko mwezi ujao, nitampa ukwaju, bizari ya pilau na ng'onda wawili waliokauka vizuri.

Mama Tumaini 21:17
Jamani ng'onda. Nalia hapa.

Bibi 21:20
Chumba cha Babu nitakitoa vitu kesho. Kitanda chake kilikuwa kifupi, nitamwita fundi. Mtoto ana urefu gani siku hizi?

Mama Tumaini 21:24
Nimemsimamisha mlangoni. Futi tano na inchi nane.

Bibi 21:25
Nitamwambia futi sita na nusu. Hajamaliza huyo.