Wakutubi wa chuo, tuonyesheni masharti ya leseni! Kutufokea hakutoshi

Wakuu, leo imenifika shingoni.

Kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba yetu kuna karatasi ukutani, herufi kubwa: NI MARUFUKU KUPAKUA, KUPRINTI AU KUTUMA MAKALA. Basi. Haisemi ni hifadhidata gani ya majarida, haina hata sahihi. Juzi binti wa masters kanyang'anywa flashi mbele yetu kwa sababu amehifadhi makala mbili za malaria. Mbili! Kafokewa kama mwizi wa kuku. Mpaka leo hajarudishiwa, na humo mna data zake za fildi.

Sasa nani kasema ni marufuku? Leseni ya mfano (kiolezo cha mkataba kati ya maktaba na wachapishaji) ya EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji huku likishirikiana na COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vyetu, ipo wazi mtandaoni. Nimeisoma. Mwanafunzi na mwalimu wanaruhusiwa kutafuta, kusoma, kupakua na kuprinti makala kwa masomo na utafiti wao, hata wakiwa nyumbani, ilimradi waingie kwa akaunti zao. Mgeni aliyeruhusiwa kuingia maktaba naye anaweza kusoma akiwa humo humo ndani. Kwetu mwalimu wa sekondari akija na barua yake anajibiwa "hizi ni za wanachuo tu", anageuza.

Na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kufungulia nchi maskini majarida ya afya, ulioanza 2002? Tanzania ipo kundi A, la nchi zinazopewa bure, taasisi zetu hazilipi hata senti. Lakini ukifungua makala ya Hinari bado unaambiwa chuo kinalipa mamilioni!

Makatazo yapo, tena makali: kuuza makala, kumgawia mtu wa nje pasiwedi, kuachia programu ishushe jarida zima toleo kwa toleo. Hilo la mwisho linaumiza hata wasiohusika. Mchapishaji akiona mafaili yanashushwa mfululizo kutoka kwenye anwani za mtandao (IP) za chuo, anaweza kufungia chuo kizima. Chuo cha MIT kule Marekani kilikatiwa JSTOR, hifadhidata kubwa ya majarida, kwa siku kadhaa Oktoba 2010 kwa upakuaji wa mtu mmoja. Sisi yametukuta muhula uliopita, watu wako katikati ya tasnifu, na jibu la kaunta likawa "mnajua wenyewe mlichofanya". Tungejuaje? Kwenye mafunzo ya mwaka wa kwanza tulifundishwa kupanga vitabu na kuzima simu. Leseni haikutajwa.

Hasara yake mnaiona? Anayeogopa karatasi haigusi hifadhidata kabisa, mjanja anakimbilia Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji. Takwimu za matumizi zinashuka, kisha kamati inakaa na kusema hakuna anayesoma, usajili usilipiwe tena. Tutakuwa tumejifungia mlango wenyewe!

Ninachodai hakihitaji bajeti. Chini ya jina la kila hifadhidata kwenye tovuti ya maktaba, andikeni nani anaruhusiwa, afanye nini, asifanye nini, na akikwama amuulize nani. Leseni hazifanani, kwa hiyo tangazo moja kwa zote ni uvivu. Na hiyo karatasi ibanduliwe.

Wa vyuo vingine, kama maktaba yenu imebandika masharti kwa Kiswahili kinachoeleweka, tupieni picha hapa. Nitaiprinti na kuipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi wa maktaba.