Tupeane uzoefu: kelele na mtetemo wa mashine ya espreso nyumbani

Mwanzilishi wa mada, Tudor

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Ninaomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu ameyaona na kuyajaribu mwenyewe katika kutuliza kelele za mashine ya espreso, nami nitaanza na yangu.

Ninaishi ghorofa ya tatu, na chumba anacholala nyanya yangu kimepakana na jiko ukuta kwa ukuta. Nikirudi kutoka sala ya Alfajiri hupenda kunywa kikombe kimoja cha kahawa kabla ya kwenda kazini, na kwa miezi kadhaa kikombe hicho kilikuwa kikimkatizia usingizi, naye ni mtu ambaye usiku hulala kwa tabu kwa sababu ya magoti. Hakuwahi kulalamika. Ni mimi niliyemkuta asubuhi moja ameketi kitandani akisubiri mngurumo uishe, nikaona haya sana.

Siku hiyo nilijaza maji bilauri, nikaiweka mezani kando ya mashine, nikawasha pampu. Uso wa maji ulijaa mawimbi membamba yaliyosongamana. Kisha nikakibonyeza kwa kiganja kila kipande cha nje, kimoja baada ya kingine. Nilipolaza mkono juu ya bati tunapopanga vikombe, ule mlio mkali wa kukereza ulikatika papo hapo. Nilipoishika trei ya matone, ukapungua tena. Nikafahamu kwamba sehemu kubwa ya kelele niliyokuwa nikiilaumu pampu ilikuwa ya vikombe sita vikigongana na wavu wa chuma ukicheza kwenye trei. Nilivihamisha vikombe kabatini, nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vyembamba na kuvilaza chini ya wavu. Mlio mkali umekwisha, lakini mngurumo mzito unaopita mezani hadi ukutani ungali pale. Wenzangu mlifanyaje?

Fundi, Mwembe Tayari

Waaleikum salaam, mwanangu. Ulianza pazuri, kwa sababu wengi hukimbilia kufungua mashine kabla ya kuigusa.

Huo mngurumo uliobaki ndio wa pampu yenyewe. Mashine nyingi za nyumbani hutumia pampu ya mtetemo: ndani yake mna koili ya umeme inayovuta kipande cha chuma, na springi inayokirudisha, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kipande hicho huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Hakuna namna ya kulinyamazisha pigo hilo. Kinachowezekana ni kulizuia lisifike kwenye bati, na kazi hiyo imeachiwa mipira miwili midogo inayoibeba pampu. Joto la ndani huikausha mipira hiyo hadi ikawa migumu kama kwato. Ukiibinya kwa kucha na isibonyee, ibadilishe.

Mwaka jana niliifungua mashine moja ambayo aliyeitengeneza kabla yangu alikuwa ameitoa mipira na kuikaza pampu moja kwa moja kwenye bati kwa boliti, akidhani kwamba kilichokazwa hakitikisiki. Mwenye mashine alikuwa akiisikia akiwa chini uani. Niliirudisha pampu juu ya mipira mipya, kisha nikautazama mrija unaotoka kwenye pampu, kwa maana mrija ulionyooka na kukakamaa hupitisha pigo vilevile kama boliti. Huo nao nilikuta umegusa ubavu wa mashine, na pale ulipogusa rangi ilikuwa imekwisha kuchubuka. Nilifunga kipande cha tyubu mahali hapo, nikauacha mrija ukiwa na kipindo kidogo ili uweze kucheza peke yake.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa waya ukutani na uache mashine ipoe kabisa. Usiiguse fyuzi ya joto iliyobanwa kwenye boila.

Mkazi wa Mji wa Kale

Yangu ilikuwa shida ya mahali pa kuiweka. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na dari la boriti, na mashine niliiweka kwenye rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani. Rafu ile ikawa kama ngozi ya ngoma: mimi niliyesimama karibu niliona sauti ni ya kadiri, ilhali jirani wa upande wa pili aliniambia kwa upole kwamba kila alasiri husikia kitu kama kinu kikisaga ndani ya ukuta wake.

Nilijaribu kwanza mkeka wa mazoezi uliokunjwa mara mbili, lakini mashine ikawa inayumba kila ninapokibana kishikio cha kahawa, na hilo ni hatari kwa mashine yenye maji ya moto. Kilichonifaa ni uzito. Nilinunua bapa la jiwe la Mazeras, lile linalotandikwa uani, nikalilaza juu ya vipande vinne vya kandambili kuukuu, na mashine ikakaa juu ya jiwe, kwenye meza yenye miguu yake isiyogusa ukuta. Jiwe ni zito, kwa hiyo pampu hailitikisi kwa urahisi. Na huo mtetemo mdogo unaopita humezwa na mpira ulio chini yake. Ninyi wenye makaunta yaliyojengewa ukutani, jiwe na mpira vitawafaa zaidi kuliko kitu kingine chochote mnachoweza kununua.

Mama wa watatu, Bamburi

Sisi hapa hutegemea maji ya kisima, nayo, kama mnavyojua maji ya ardhi yetu ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Mashine yangu ilianza kuvuma na kupasukapasuka ndani wakati wa kupasha moto, kama sufuria yenye kokoto. Yalikuwa magamba ya chokaa kwenye boila. Niliisafisha kwa dawa ya kuondoa magamba, kwa kufuata kipimo cha kijitabu chake, na mvumo ukatulia.

Lakini nilipomaliza, pampu ikapiga kelele kavu, kali kuliko ilivyokuwa awali, na maji hayakutoka. Nilidhani nimeiua. Kumbe ilikuwa imeingiwa na hewa: nilifungua bomba la maji ya moto, nikaiwasha kwa vipindi vifupi, na baada ya muda sauti ikawa nzito, maji yakaja. Tangu hapo, sauti ikipanda ghafla, kitu cha kwanza ninachokitazama ni kama tangi lina maji.

Mchangiaji wa Likoni

Nyumba yangu inatazama bahari. Upepo wa chumvi ulizila skrubu za bati la nyuma hadi mbili zikakatika, na bati likawa linapiga makofi. Nilizibadilisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kazi ya dakika kumi.

Dada wa Nyali

Ningependa tusiusahau mvuke, maana kwangu kelele iliyowaamsha watoto ilikuwa ya maziwa. Nilikuwa nikilizamisha bomba la mvuke hadi karibu na kitako cha jagi, na maziwa yakipiga kelele kama filimbi. Sasa naanza na ncha ikiwa imezama kidogo tu chini ya uso wa maziwa, hadi nisikie sauti laini kama karatasi inayochanwa polepole; povu likitosha nalizamisha kidogo zaidi ili maziwa yazunguke, na nasimama kabla ya nyuzi 65.

Fundi, naomba kuuliza: je, naweza kubandika sponji ndani ya bati ili kuimeza sauti ya pampu?

Fundi, Mwembe Tayari

Hapana, dada yangu. Sponji karibu na boila inaweza kuyeyuka au kushika moto, na hata ikikaa mbali, inaziba hewa inayopoza pampu. Pampu hizo hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Zikikosa kupoa huungua.

Mwanzilishi wa mada, Tudor

Nimerudi na majibu. Mipira ilikuwa imekauka kama alivyosema Fundi, na mmoja ulikuwa umepasuka. Nimeibadilisha, nikaweka jiwe la Mazeras, nikaisogeza meza sentimita kadhaa kutoka ukutani. Bilauri ya maji ikiwa mahali palepale sasa huonyesha mawimbi ukingoni tu, katikati pametulia. Leo nyanya ameamka mwenyewe saa moja na kuniuliza kwa nini sikunywa kahawa.

Limebaki jambo moja, Fundi: ule mlio mfupi wa kufyatuka na kufoka ninapozima pampu. Je, nao una dawa?

Fundi, Mwembe Tayari

Huo uache, mwanangu. Ni vali inayotoa mgandamizo uliobaki juu ya kahawa na kuumwaga kwenye trei. Ukiuziba, maji ya moto yatatafuta njia siku utakapokifungua kishikio, na yatakuunguza mkono.