Yule dada wa "naangalia tu" leo kanifikisha!

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule dada mnamjua. Kila anayeuza mtandaoni Dar hii anamjua. Leo ilikuwa zamu yangu.

Tangu Jumatatu hanipi usingizi. Tuma picha ya mbele, tuma ya nyuma, tuma video ya kitambaa juani, tuma video ya zipu ikifunguka. Zipu! Gauni moja nimelipiga picha nyingi kuliko nilizopigwa siku ya harusi yangu. Akasema nitalipa nikipokea. Boda katoka Kariakoo mpaka Mbezi na mvua ile, elfu nane yangu. Dada katoka getini, kalishika gauni kwa vidole viwili kama anabeba panya aliyekufa, kasema: "Mwambie nilikuwa naangalia tu."

NAANGALIA TU! Kuangalia ni dukani, unapita, unatazama, unaenda zako. Hili umeletewa getini kwako!

Nilihama meza yangu Mtaa wa Kongo kwa kukimbizwa na mgambo. Afadhali mgambo, akibeba mzigo unajua umebebwa. Huyu vidole viwili, jamani. Viwili!

Fundi Cherehani: Pole mkuu. Kwangu alisema mume kasafiri na pochi.

Mtoto wa Kigogo: Unalia nini? Mtu hajatanguliza nusu kwenye lipa namba, mimi hata mtaa anaokaa simuulizi.

Mleta uzi: Nikiomba nusu mnaniita tapeli!

Mteja Sugu: Kwa sababu matapeli mpo. Nililipa yote, vikaja viatu vya kushoto vyote viwili. Na hiyo "bei njoo inboksi" ni nini? Bei ya sidiria imekuwa siri ya jeshi?

Boda Mstaafu: Nyote nyamazeni. Mnatuelekeza "ukifika uliza kwa Mangi". Mbezi nzima kila kona kuna Mangi!

Mleta uzi: Lakini vidole viwili wakuu...

Msukuma Halisi: Nyie wa Dar mnadeka. Mzigo wangu wa Mwanza umepakiwa kwenye basi tangu Jumamosi, konda hapokei simu.

Fundi Cherehani: Lile la alfajiri?

Msukuma Halisi: Hilohilo.

Fundi Cherehani: Vitenge vyangu vimo humo! Konda alinipa namba nyingine, nayo haipatikani.

Mteja Sugu: Konda mwenye kofia nyekundu? Huyo ana kiatu changu cha kulia.